Kifundo cha mguu cha bandia: huyu anasema 95%, yule 45%. Nani anatupiga chenga?

#1 Mwana wa Ileje
Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja.

Kaka yangu yupo Göteborg, Sweden, mwaka wa ishirini huu. Mwaka 1998 akiwa bado Mbeya, pikapu ilimbana mguu getini, kifundo kikavunjika. Akafungwa mhogo (plasta), ukatolewa, maisha yakaendelea. Sasa ana miaka 57 na kifundo kimekwisha kabisa. Asubuhi ngazi za ghorofani kwake anazishuka kinyumenyume, ameshika reli mikono miwili, kama mtu anayeshuka mnazi.

Daktari bingwa kampa njia mbili. Ya kwanza, kukwangua kilichobaki na kuunganisha mifupa kwa skrubu ishikane iwe mfupa mmoja. Maumivu yanaisha ila kifundo hakikunji tena. Ya pili, kuweka kiungo cha bandia: chuma juu, chuma chini, plastiki katikati. Kaambiwa akafikirie. Akanipigia mimi, maana kwenye ukoo ndiye ninayejifanya msomi.

Nikaanza kusoma tafiti za watu waliofuatiliwa miaka mingi. Nimechanganyikiwa. Denmark, 2004: baada ya miaka 12, asilimia 95 bado vipo mguuni. Sweden, 2011: baada ya miaka 10, asilimia 69. Uswisi, 2013: miaka 10 asilimia 70.7, miaka 14 asilimia 45.6. Kifaa ni kilekile, kinaitwa STAR!

Sasa swali: inakuwaje kitu kimoja kidumu kwa huyu na kife kwa yule? Nani muongo hapo?

#2 Ngoma Droo
Nimekaa hapa pembeni na karanga zangu, ngoja waje.

#3 Dereva Mstaafu
Hakuna muongo. Ni kama tairi. Tairi jipya ukilifunga kwenye gari ya padri litafika kilomita elfu themanini, ukilifunga kwenye daladala ya Mbagala halimalizi mwaka. Muulize kaka yako ana kilo ngapi.

#4 Mwana wa Ileje
@Dereva Mstaafu ana 90 hivi. Usimcheke.

#5 Hesabu Kali
Mtoa mada, kwanza nikusahihishe. Zile za Sweden SI STAR peke yake. Lile ni daftari la taifa, yaani linaandika vifundo bandia vya nchi nzima, data zake zinaanza 1993, na ile ripoti ya 2011 ina vifundo 780 vya aina mbalimbali vikiwa vimechanganywa humo. Ndiyo hiyo 69% kwa miaka 10, na kwa miaka 5 ilikuwa 81%.

Pili, ile 95% ya Denmark. Uliangalia ni watu wangapi? Vifundo 25. Hao ni waliowekewa bila saruji, yaani ile gundi ya kushikiza chuma kwenye mfupa. Waliowekewa kwa saruji, kwenye karatasi hiyohiyo, ni 70% kwa miaka 12. Wewe umechukua namba tamu ukaacha chungu.

Tatu, mwandishi wa karatasi hiyo ni Hakon Kofoed wa Copenhagen. Tafuta nani alibuni STAR. Nitakusubiri.

#6 Ngoma Droo
Usitusubirishe bwana, ni yeye?

#7 Hesabu Kali
Ni yeye. Alianza kuibuni mwishoni mwa miaka ya sabini, akaweka ya kwanza 1981.

#8 Kijana wa Stendi
😂😂😂 mama ntilie kaulizwa kama wali wake mtamu

#9 Nesi wa Leicester
Jamani tusimvunjie heshima mtu kwa sababu tu amepima kazi yake. Aliyebuni ndiye anayejua kukiweka vizuri kuliko wote, hilo nalo ni jibu. Mimi nafanya kazi wodi ya mifupa. Daktari aliyefanya mia na anayefanya cha kwanza leo hawatoi matokeo sawa hata kidogo. Kifundo ukikipinda nyuzi chache tu, plastiki inaliwa upande mmoja kama soli ya kiatu cha mtu mwenye matege.

#10 Hesabu Kali
@Nesi wa Leicester hapo nakazia, na ushahidi upo hukohuko Sweden. Ripoti yao ya 2007 iliwaangalia madaktari watatu waliokuwa wameweka STAR nyingi. Vile 30 vya kwanza vya kila mmoja: miaka mitano, 70%. Vilivyofuata: 86%. Daktari yuleyule, kifaa kilekile, nchi ileile.

Lakini hiyo haifuti hoja yangu. Mwaka 2011 timu ya Labek kule Austria ilizilinganisha karatasi za madaktari na madaftari ya nchi nzima. Kwenye madaftari, waliorudishwa mezani kupasuliwa upya walikuwa takribani mara mbili ya wale wa kwenye karatasi. Na sehemu kubwa ya karatasi zenyewe ilitoka kwa wabunifu.

#11 Mzee Kifimbo
Nimepita hapa kwa bahati. Mimi changu kiliunganishwa 1991, skrubu tatu. Nina miaka 71. Nitarudi kueleza, naenda kuzima pampu.

#12 Dereva Mstaafu
Shikamoo mzee. Tunakusubiri.

Halafu hivi vifundo bandia si alianzisha yule Mwingereza, Charnley? Nilisoma gazetini zamani.

#13 Mnyoosha Viungo
@Dereva Mstaafu huyo ni wa nyonga, hospitali ya Wrightington, Uingereza, 1962. Cha mguu walianza Wafaransa, Lord na Marotte, mwaka 1970. Na unajua walifanyaje? Walichukua umbo la chuma cha nyonga wakakigeuza kichwa chini, wakakichomeka kwenye mfupa wa muundi. Katika 25 walivyoweka, vilivyoridhisha ni 7. Kumi na mbili vilishindwa kabisa. Wakaacha wenyewe.

Wamarekani nao wakaja na chao pale Mayo Clinic. Kati ya 1974 na 1988 waliweka kwa saruji. Walipowafuatilia watu kwa wastani wa miaka 9, vifundo 160, wakakuta miaka 10 ni 65% na miaka 15 ni 61%. Wakaandika wazi, mwaka 1996, kwamba hawakishauri tena. Mimi hao ndio nawaheshimu. Kuandika kwamba kitu chako mwenyewe hakifai si jambo dogo.

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa mgonjwa akishatoka huko. Tatizo la kifundo ni udogo wake. Eneo la mifupa kugusana kwenye goti ni kama milimita za mraba 1,120. Kwenye kifundo ni kama 350, yaani stempu ndogo ya barua. Na ukitembea, mzigo unaopita hapo unaweza kufika mara tano ya uzito wako.

#14 Kijana wa Stendi
Kilo 90 mara tano... 450. Kaka yake mtoa mada anabebesha stempu mifuko tisa ya saruji kila hatua 😳

#15 Mwana wa Ileje
Nilisema msimcheke.

#16 Shangazi Mtwapa
Hamjambo wanangu. Mimi ni mgonjwa wa baridi yabisi tangu 1994, yale yanayokula viungo vyote, si ya kuvunjika. Vidole, viwiko, mwisho kikaja kifundo cha kulia. Nikaunganishwa.

Nataka mjue kitu ambacho kwenye hizo asilimia zenu hakimo. Maumivu yaliisha, alhamdulillahi. Nililala usiku mzima baada ya miaka sita. Lakini tahiyatu sikai tena, nasalia kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa kwa watu sikiwezi. Nikialikwa harusini nauliza choo kabla sijauliza mapambo. Na njia ya kupanda mlima mguu wanigomea, kisigino chataka kunyanyuka nacho hakina pa kukunjia.

Kilichonisaidia si hospitali. Ni fundi wa kobazi pale Kongowea. Alikiangalia kiatu changu, akaniambia mama tembea nione. Nikatembea. Akachukua kisu akainyoa soli ya mbele kidogokidogo, akaongeza kipande cha tairi katikati, soli ikapinda juu kama omo la mtumbwi. Mguu sasa wabiringika badala ya kukunja. Shilingi mia mbili.

#17 Mnyoosha Viungo
Shangazi, huyo fundi kakutengenezea kitu ambacho sisi tunaandikia watu cheti, na Ulaya wanauziwa ghali. Ndivyo hasa inavyotakiwa.

#18 Ngoma Droo
Namba ya fundi tafadhali.

#19 Nesi wa Leicester
Nimerudi. Mjadala wa kuunganisha au kubadilisha umeshapimwa kwa kura huku Uingereza. Utafiti unaitwa TARVA, ulitoka 2022. Hospitali 17, wagonjwa 303, umri 50 hadi 85, wakagawanywa kwa bahati nasibu: huyu abadilishwe, huyu aunganishwe. Baada ya mwaka waliobadilishwa walikuwa wanatembea vizuri zaidi. Kwa hiyo mtoa mada, kaka abadilishe. Kesi imefungwa.

#20 Hesabu Kali
Haijafungwa hata mlango.

TARVA makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa sana. Kwenye kipimo cha kutembea na kusimama, waliobadilishwa maumivu na shida vilipungua kwa pointi 49.9 na waliounganishwa 44.4. Hiyo tofauti ya 5.6 (msinikamate, ni ukadiriaji wa desimali) kitakwimu haikuvuka mstari. Inaweza kuwa bahati tu. Walipochambua baadaye wakachukua aina moja ya kifaa, ile ambayo plastiki yake haichezi, imeshikizwa kwenye chuma, ndipo tofauti ikaonekana. Lakini uchambuzi wa baadaye ni wa baadaye, wenyewe hawaufanyi kuwa jibu kuu.

Halafu ni WIKI 52! Mtoa mada anauliza miaka 14, wewe unamjibu kwa mwaka mmoja. Harusi haipimwi kwa fungate.

#21 Nesi wa Leicester
Sawa mwalimu, nimekaa chini. Ila ongeza na hili, maana hili naliona kwa macho: waliobadilishwa walikuwa na shida zaidi ya kidonda kupona. Ngozi ya mbele ya kifundo ni nyembamba, hakuna nyama. Waliounganishwa nao, kama 12% mifupa ilikataa kushikana kwenye picha, ingawa si wote waliokuwa wanaumia.

#22 Mzee Kifimbo
Pampu nimezima. Sasa mnisikilize.

Nilianguka kwenye dari nikipaua nyumba ya mtu. Nikaunganishwa 1991. Miaka kumi na tano ya kwanza nilisahau kama nina mguu mbovu. Nililima, nilipanda baiskeli, kucheza ngoma ndiyo sikuweza sana. Kuanzia 2008 hivi pakaanza kuuma palepale, lakini si palepale. Chini kidogo, mtu akikushika kisigino akakitikisa kushoto kulia. Daktari akasema kiungo cha juu kimelala, kwa hiyo kazi yake yote inafanywa na cha chini, na cha chini nacho kimechoka.

Sasa hapo kwenye daftari lenu la asilimia, mimi ni nani? Skrubu zipo. Mfupa umeshika. Nimefaulu au nimeanguka?

#23 Dereva Mstaafu
Mzee umemaliza uzi.

#24 Mnyoosha Viungo
Hajaumaliza, ndiyo kaufungua. Anachosema mzee kipo kwenye utafiti wa Iowa, Marekani, 2001. Coester na wenzake waliwaita watu 23 waliounganishwa kifundo baada ya kuumia, wastani wa miaka 22 nyuma. Wengi wao viungo jirani, cha chini na cha mbele, vilikuwa vimeharibika, kuliko mguu wa upande wa pili. Hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaotetea kubadilisha: kifundo kikikunja, majirani wanapumzika.

Ila wapo wanaojibu kwamba huenda majirani walianza kuumia siku ileile ya ajali, kuunganishwa kukasingiziwa tu. Mzee ulipoanguka ulitua na kisigino?

#25 Mzee Kifimbo
Nilitua na kisigino.

#26 Mnyoosha Viungo
Basi na wewe huwezi kujua.

#27 Kijana wa Stendi
Mimi bodaboda. 2021 nilifungwa antena miezi minne, vyuma vinatoka nje ya mguu kama redio. Kifundo kilipasukia kwenye kiungo chenyewe. Sasa hivi kikilala baridi kinakaza. Nina miaka 29. Ndiyo nimekwisha?

#28 Mnyoosha Viungo
Hujaisha. Lakini usidanganyike kwamba yabisi ya kifundo ni ya wazee. Iowa haohao, 2005, Saltzman: katika vifundo 639 vilivyooza kabisa, 70% chanzo ni kuumia. Baridi yabisi kama ya shangazi 12%. Visivyo na sababu inayojulikana 7%. Kwenye goti na nyonga mambo ni tofauti kabisa, huko uzee ndio unatawala. Kwa hiyo wagonjwa wa kifundo wanafika hospitali wakiwa na umri mdogo, wana miaka mingi ya kukitumia. Hapo ndipo ufuatiliaji wa miaka 20 unakuwa na maana. Mtu wa miaka 75 akiambiwa kitadumu 12 anashukuru, wewe wa 29 utafanyaje?

Punguza kilo, imarisha misuli ya shavu la mguu, usiruke ruke.

#29 Ngoma Droo
Bodaboda aache kuruka mashimo ya Dar? Labda apae.

#30 Hesabu Kali
Narudi kwa swali la Mzee Kifimbo maana ndilo kiini. Kwenye hizi tafiti "kudumu" maana yake ni jambo moja: hujarudi mezani kutolewa kile chuma. Basi. Hawaulizi kama unalia usiku.

Chukua daladala 10 zimetoka gereji siku moja. Baada ya miaka 10 unahesabu zilizobadilishwa injini. Tatu. Unaandika 70%. Lakini katika zile saba, mbili zinatoa moshi barabara nzima ila mwenyewe hana hela ya injini. Moja iliuzwa Tunduma, hujui habari zake. Moja dereva kafariki, imepaki uani. Kwenye hesabu yako hiyo ya Tunduma na ya marehemu zinatolewa kwenye mstari siku uliyoziona mara ya mwisho, zikiwa bado "nzima". Ukiwa na watu 25, wanne wakihamia Tunduma, asilimia yako ya mwaka wa 12 imebaki inasimama kwa mguu mmoja.

Tena kuna tofauti ya nani anahesabu nini. Mwingine akibadilisha plastiki tu haandiki kuwa kimeshindwa, mwingine anaandika. Wale wa Uswisi walihesabu vyuma tu: 29 kati ya vifundo 77 vilibadilishwa chuma angalau kimoja. Wangeongeza plastiki hata hiyo 45.6 ingeshuka.

#31 Mwana wa Ileje
Duh. Kwa hiyo Waswisi ndio wakweli?

#32 Hesabu Kali
Subiri kwanza. Kwenye timu ile ya Uswisi yupo Hintermann. Unajua Hintermann ana kifundo chake mwenyewe sokoni, Hintegra, tangu 2000? Na mwaka uleule wa 2013 kikundi hichohicho kilitoa karatasi ya Hintegra, vifundo 722: miaka 5, 94%, miaka 10, 84%.

#33 Kijana wa Stendi
Mama ntilie wa pili kasema wali wa jirani mbichi 😂

#34 Nesi wa Leicester
Si haki! Zile STAR walizofuatilia Waswisi zilikuwa za zamani, za tabaka moja la mpako wa kushikia mfupa. Mpako ulibadilishwa baadaye. Unalinganisha Nokia ya tochi na simu ya leo. Na hiyo ndiyo laana ya ufuatiliaji mrefu: ukisubiri miaka 15 upate jibu, jibu linakuja la kifaa ambacho hakiuzwi tena.

Pale Wrightington waliweka STAR 200, hawakuwa wabunifu, na wakapata 93.3% miaka 5 na 80.3% miaka 10. Hao utawaita mama ntilie wa nani?

#35 Hesabu Kali
Hao nawakubali. Ila ni hospitali moja ya watu wanaofanya kazi hiyo kila wiki. Norway nchi nzima, 2007, vifundo 257: miaka 5, 89%, miaka 10, 76%. Kila ukitoka kwenye hospitali ya mabingwa kwenda nchi nzima namba inashuka. Wewe unasema ni ufundi, mimi nasema ni nani anayeandika. Labda tuko sawa wote.

#36 Dereva Mstaafu
Au ni tairi.

#37 Fundi Spana
Mkuu Dereva hajakosea sana. Mimi ni fundi mitambo, plastiki hizi nazifahamu, ni polithini ngumu ileile tunayotumia kwenye bushi. Adui wake ni oksijeni. Ikikaa ghalani kwenye pakiti inayopitisha hewa inakauka, siku ya siku inapasuka. Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya STAR kwa sababu ya plastiki kuvunjika kuliko ilivyotarajiwa, na jambo la pakiti lilitajwa, maana ilibadilishwa kuwa ya karatasi ya foili mwaka 2014. Sasa mgonjwa aliyewekewa kabla ya hapo, daktari wake awe bingwa wa dunia, kilo zake ziwe 55, bado plastiki inamsaliti. Mbona hilo hamlitaji? Mnalaumu watu tu.

#38 Mnyoosha Viungo
Hili sikulitegemea. Asante mkuu.

#39 Muscat Ndefu
Asalaam aleikum. Mie niko Muscat. Nawasoma tu nacheka: mnabishana Denmark na Uswisi, kwetu Afrika Mashariki nani anahesabu? Mtu akiwekewa nyonga Dar au Nairobi, baada ya miaka 10 nani atampigia simu?

#40 Kijana wa Stendi
Mimi nimebadilisha laini mara tano tangu antena itolewe. Wakinitafuta wananipata wapi?

#41 Shangazi Mtwapa
Simu? Mimi nilirudi kliniki mwaka wa tatu, hospitali siitaji, faili langu halikuonekana. Likaletwa la mwanamume mwenye jina la baba yangu, kavunjika paja. Daktari akasoma, akanitazama miguu, akasoma tena. Nikamwambia mwanangu, paja langu ni zima, tafadhali usilifungue.

#42 Ngoma Droo
Nimemwaga karanga zote 🤣

#43 Hesabu Kali
@Muscat Ndefu Malawi wanahesabu. Wana daftari la taifa la viungo bandia tangu 2005, nyonga na goti, mambo yalianzia Blantyre. Hawana hela kuliko sisi. Kwa hiyo si suala la hela tu. Waingereza wenyewe na utajiri wao, daftari lao lilianza 2003 kwa nyonga na goti, kifundo kikaingizwa 2010.

#44 Muscat Ndefu
Malawi hongera kwao. Aibu kwetu.

#45 Dereva Mstaafu
MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, si wanabadilisha magoti na nyonga miaka mingi? Watakuwa na kumbukumbu zao.

#46 Hesabu Kali
Kumbukumbu za hospitali moja ni kitu kimoja. Daftari la taifa ni lile ambalo ukiwekewa Dar na kikafa ukiwa Bukoba, linajua.

#47 Mzee Kifimbo
Skrubu zangu aliyeziweka amekwishatangulia mbele za haki. Anayezijua ni mimi na mlinzi wa uwanja wa ndege.

#48 Mwana wa Ileje
Wakuu asanteni, nimeongea na kaka jana saa mbili nzima. Nimemsomea uzi wote isipokuwa hayo ya mifuko ya saruji.

Kachukua maswali matatu ya kwenda nayo: daktari ameshaweka vingapi kwa mkono wake, ni aina gani na plastiki yake inacheza au imekaa, na kikifa baada ya miaka 10 bado mfupa utatosha kuunganisha? Hilo la mwisho kalitoa yeye mwenyewe, mimi sikuwa nimeliwaza.

#49 Mnyoosha Viungo
Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Kikitolewa kinaacha shimo, mara nyingi hujazwa mfupa uliochukuliwa nyongani ndipo waunganishe, na mguu unaweza kufupika. Kutoka bandia kwenda kuunganishwa inawezekana ila ni kazi. Kutoka kuunganishwa kurudi bandia wapo wanaofanya, wachache. Mwambie aulize pia viungo jirani vikoje kwenye picha. Kama cha chini tayari kimeharibika kama cha mzee wetu, hesabu inabadilika.

#50 Nesi wa Leicester
Na asivute sigara kabla ya upasuaji. Kidonda.

#51 Mwana wa Ileje
Anavuta. 😔

#52 Hesabu Kali
Basi tuanze uzi mwingine.

#53 Mwana wa Ileje
Miadi yake ni mwezi ujao. Yeye moyo unaelekea bandia, mkewe anaelekea kuunganisha, mimi kila nikisoma karatasi moja nahama upande. Jana usiku nilikuwa wa kuunganisha, asubuhi hii wa bandia.

#54 Shangazi Mtwapa
Mwanangu, vyovyote atakavyofanya atahitaji kiatu. Akija likizo apitie Mombasa. Yule fundi yupo upande wa wauza nguo za mitumba, meza ya tatu, ana redio kubwa ya kijani. Bei siku hizi ni mia tatu na hamsini.